Jina Ambalo Mwanamvua Hakulitaja

Usiku wa jana niliota mke wangu Mwanamvua amefunguliwa fuvu, na mimi nimesimama karibu na kichwa chake. Sikushangaa. Asubuhi ya jana hiyo hiyo alikuwa amepasuliwa kweli, uvimbe umetolewa kwenye ubongo, na daktari alishatueleza utaratibu wao mpya: mgonjwa anaachwa macho, anaonyeshwa picha na kutaja vitu, wasije wakakata mahali maneno yanapokaa.

Kwenye ndoto hakuna daktari. Kuna kisu tu, kimevaa barakoa. Mimi ni muuza nyama, visu nimeviamrisha tangu ujana, lakini hiki kinaniambia nikae kimya. Sharti ni moja, kinasema kwa sauti ya karani aliyechoka: asichokitaja, kinakatwa.

Taa inashusha picha. Mwanamvua anataja: sufuria, mbuzi, mwavuli. Anataja kwa madaha, utadhani anaagiza sokoni. Inakuja picha ya kinu, anasita kidogo tu, kisu kinakata. Nje, mji mzima, wanawake wamebaki na michi hewani, hawajui walikuwa wanatwangia wapi. Mmoja ananiuliza dirishani kama nimeona kitu chake. Namjibu sijaona, na kweli sijui anazungumzia nini.

Halafu tuko buchani kwangu. Hakuna aliyehama, ila kitanda kiko chini ya ndoano, na picha zinaning'inia pale panapokaa mapaja ya ng'ombe. Mteja anaomba maini. Kisu kinamwambia asubiri, hapa kuna utafiti.

Picha inayofuata ni mimi.

"Huyu nani?" kisu kinauliza.

Mwanamvua anatabasamu. "Baba Mwajabu."

"Huyo ni baba wa mtu. Nataka jina lake."

Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina. Tangu nimuoe, Mwanamvua hajanitaja. Mwanzoni nilikuwa "wee bwana", alipozaliwa binti yetu nikawa Baba Mwajabu, basi. Hata siku nilipoibiwa baiskeli, polisi walipomuuliza jina la mumewe, alimsukuma jirani aseme. Nami nikaona fahari. Mungu wangu, fahari ya nini?

Namwambia alitaje, nimemruhusu. Anageuza uso pembeni.

"Mbele za watu, Baba Mwajabu? Si nitaonekana sina adabu."

Napaza sauti: Mbaruku, naitwa Mbaruku. Kisu kinanieleza, bila hasira yoyote, kwamba likitoka mdomoni mwangu halihesabiki. Nampigia magoti mke wangu mbele ya wateja, nalia bila haya. Ananipangusa machozi kwa kiganja na anakataa, kwa upole, kwa kuniheshimu. Na jina lipo. Naliona kwa macho yangu limekaa huko ndani kabisa, jipya, halijatumika hata siku moja.

Kisu kinaniomba radhi. Kisha kinakata.

Niliamka shati limelowa. Mwajabu alikuwa ameshapika uji, tukaupeleka hospitali, njia nzima nikijiambia ndoto ni ndoto tu. Tulimkuta Mwanamvua amekaa kitandani, bandeji kichwani, muuguzi anamwonyesha vitu. Kijiko. Dirisha. Shuka. Alitaja vyote. Alimwita Mwajabu kwa jina, akamkaripia kwa kuja hospitali na kandambili. Nilitaka kucheka kwa raha. Muuguzi naye akafurahi, akaninyooshea kidole mimi.

Mke wangu alinitazama. Taratibu akavuta kanga, akaifunika bandeji na kichwa chote, kama anavyofanya siku zote akiingia mwanamume asiyemjua.

"Mwajabu," akasema, "mpishe mgeni akae."