Boti Iliyozidi Inchi Tatu

Jumatatu saa nne asubuhi Clotilda alipanda juu ya kreti la soda, akashikilia ncha ya tepu kwenye boriti ya mbele ya banda, na kumwambia Mzee Mrisho aivute hadi chini. Futi nane na inchi kumi na moja. Kisha wakaenda kwenye boti iliyokuwa juu ya tela lake katikati ya ua, wakapima kutoka kwenye sementi hadi paa la kibanda cha nahodha. Futi tisa na inchi mbili.

"Imezidi inchi tatu," alisema Clotilda.

"Pima tena, Mama Josepha. Nyie Wachaga mkipima mara moja hamlali."

"Nimepima mara tatu. Ungekuwa wewe Mzaramo ungepima kwa macho, ukaenda zako kunywa kahawa."

"Na saa hizi ningekuwa kikombe cha pili," alisema Mrisho, akaikunja tepu.

Bohari lilikuwa Gerezani, nyuma ya maduka ya vipuri. Soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linanuka saruji, na upepo ukigeuka harufu ile ilifika hadi uani pamoja na ya dagaa. Clotilda alikuwa mtunza bohari wa Shirika la Vyombo vya Mito na Maziwa. Alikuwa na stashahada ya ugavi, watoto wanne, na nyumba ya Shirika ya vyumba viwili kule Ilala. Nyumba ilikwenda na kazi. Aliyepoteza kazi alipewa siku saba za kutoa vitanda.

Kosa halikuwa lake. Meneja, Ndugu Onesphory, aliipima boti ikiwa imelazwa chini, kabla haijapandishwa kwenye tela, akawaandikia makao makuu kwamba imo bandani. Aliandika kwanza, kama ilivyokuwa desturi ya Shirika, ili jambo lenyewe lipate muda wa kuifuata barua. Sasa kamati ya ukaguzi ilikuwa inakuja Ijumaa.

"Haiingii, Ndugu Meneja," Clotilda alimwambia.

"Barua inasema imeingia."

"Barua haina magurudumu."

Ndugu Onesphory alifunga mkoba wake. Alikuwa anaondoka kwenda Dodoma kwenye semina. "Ndugu Clotilda, kamati ikiikuta nje, itamuuliza nani?"

"Itaniuliza mimi."

"Basi."

Jumanne aliing'oa taa iliyosimama juu ya kibanda, lakini kipimo cha Jumatatu kilikuwa kimeishia kwenye paa, bila taa, kwa hiyo haikusaidia. Alitoa upepo kwenye magurudumu. Tela likashuka kidogo, likasukumwa hatua mbili, na tairi moja likachomoka kwenye rimu. Wakalijaza tena. Kuchimba sakafu ya banda kungehitaji kibali cha ujenzi, na kibali kilichukua miezi sita.

Jumatano saa kumi alasiri watu kumi na mmoja waliingia getini.

Walikuja kwa foleni, mmoja nyuma ya mwingine, bila kusukumana, kama watu waliozoea kungoja unga wa njano wa mgawo. Wote walikuwa wameloa. Maji yaliwachuruzika kutoka kwenye nywele na pindo za khanga, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu Januari.

"Hawa ni wa Jangwani," alisema Mrisho.

"Nawajua," alisema Clotilda.

Walikuwa wamekufa masika yaliyopita, bonde la Jangwani lilipofurika. Asubuhi ya siku ile balozi wao wa nyumba kumi, Mwinyimvua, alikuja mbio bohari kuomba boti, ambayo Shirika liliinunua mahsusi kwa ajili ya mafuriko. Clotilda alimpa fomu ya kuazima chombo, nakala tatu, saini ya meneja chini kulia. Meneja alikuwa semina. Mwinyimvua alingoja hadi adhuhuri, kisha akarudi bondeni mikono mitupu. Baadaye uchunguzi ulifanyika na karatasi za Clotilda zikaonekana ziko sawa.

Aliyetangulia kwenye foleni alikuwa Siti, mke wa Mwinyimvua, amebeba jiko la mafuta ya taa.

"Hodi, mwenye bohari."

"Karibuni."

"Ndiyo boti yenyewe hii?"

"Ndiyo."

"Tumechelewa, mtuwie radhi. Njia ina matope."

Walikanyaga gurudumu wakapanda mmoja mmoja. Mzee Abbasi, fundi cherehani, alipakata kichwa cha cherehani yake kama mtoto. Kila aliyeketi, springi za tela zililia kidogo. Alipoketi wa mwisho Clotilda alichukua tepu, akapima. Futi nane na inchi kumi.

"Inaingia," alisema Mrisho.

"Inaingia kwa inchi moja."

Kabla ya magharibi waliteremka, wakashukuru, wakaaga hadi kesho, wakarudi walikotoka kwa foleni ile ile. Boti ikainuka inchi nne. Mrisho alipanda na kopo kukumba maji yaliyobaki. Aliyaonja kidogo kwa ulimi, akatema, akasema ni ya mtoni, si ya chumvi.

Usiku ule nyumbani Clotilda alimsuka Josepha, akampiga kofi la bega kwa kutikisika, akaangalia vitanda vitatu vilivyojaza chumba cha watoto. Alipiga hesabu ya kuvipitisha mlangoni. Viwili vingetoka vizima. Cha tatu kingebidi kufunguliwa.

Alhamisi saa kumi alikuwa amekwisha kumwambia Mrisho alifunge tela kwenye Land Rover, kinyumenyume. Watu wa Jangwani walikuja, wakaamkia, wakapanda. Mrisho hakuwasha gari. Alishuka akamvuta Clotilda pembeni.

"Boriti za ndani ziko kimo kile kile. Tukiiingiza halafu wakashuka, boti itainuka. Itang'oa paa."

"Ndiyo maana hawatashuka."

"Utawaambiaje?"

"Wewe endesha gari, Mzee Mrisho."

Alikwenda ubavuni mwa boti. Siti aliinama kumsikiliza, maji yakidondoka kidevuni mwake na kuangukia kwenye viatu vya Clotilda.

"Mama, inaondoka lini?"

Clotilda aliwaangalia wote. Kulikuwa na mabinti wawili wa kimo cha Josepha, wameshikana mikono. Angeweza kusema kwamba haiondoki. Alikuwa mtu wa kusema jambo lilivyo, watu wa bohari walimwogopa kwa hilo. Akasema, kwa sauti aliyoitumia kwa wanawe walipokuwa wanangoja sindano hospitali:

"Kaeni tu. Atakayeshuka atapoteza nafasi."

Mwaka ule maneno hayo yalitosha. Hakuna mtu wa Dar es Salaam ambaye angetoka kwenye foleni baada ya kuambiwa hivyo. Siti aliwageukia wenzake akayarudia, na wote wakajibana vizuri kwenye mbao. Mrisho alirudisha gari polepole. Boriti ilipita juu ya kibanda cha nahodha, na ingawa haikuwa na haja, Mzee Abbasi aliinamisha kichwa. Clotilda alivuta lango la wavu, akatia kufuli. Magharibi ilifika ikapita. Hakushuka mtu.

Kamati ilikuja Ijumaa, watu wanne wenye suti za mikono mifupi. Mwenyekiti aliingiza vidole kwenye uwazi kati ya boriti na paa la boti.

"Imeingia vizuri," alisema. Kisha akachungulia ndani. "Na hawa?"

"Wanangoja."

"Aa," alisema mwenyekiti. Naye alikuwa amemwacha mkewe kwenye foleni ya sukari. Akasaini. Barua ya pongezi ilikwenda kwa Ndugu Onesphory, na nakala ikabandikwa ukutani.

Siku za kwanza Clotilda aliwapelekea chai. Hawakunywa, lakini walipokea vikombe na kuvishika, akaacha kwa sababu vikombe vilikuwa sita tu. Kila asubuhi alifagia maji yaliyotoka chini ya lango. Mchana, bohari lilipotulia, cherehani ilisikika ikishona.

Wiki ya mwisho ya Machi mvua zikaanza. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, Mwinyimvua alifika, suruali imekunjwa juu ya magoti.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Maji yako madirishani, Mama Josepha. Nina nyumba sita zina watu juu ya mapaa. Nipe boti."

"Saini ya meneja."

"Yuko wapi?"

"Dodoma."

"Mwaka jana uliniambia hivi hivi."

"Na mwaka jana karatasi zangu zilikuwa sawa."

Mwinyimvua alimpa mgongo. Alikwenda langoni pa banda, akashika wavu kwa vidole.

"Siti."

"Abee."

"Umekula?"

"Nimeshiba. Tumeambiwa tusishuke."

"Watoto wa Mzee Abbasi wako juu ya paa."

Mzee Abbasi aliacha kushona. Akamtazama Clotilda kupitia wavu, wakamtazama wote kumi na mmoja, wala hawakuwa na hasira. Walimtazama kama watu wanavyomtazama mwenye duka kabla hajafungua dirisha.

Clotilda aliingia ofisini. Alijaza fomu yote kwa mkono wake, nakala tatu na karatasi ya kaboni, akaacha pale chini kulia tu. Alipiga simu Dodoma. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwake, aliusikia pajani kila alipovuta pumzi, na boti ikitoka bila saini ilikuwa kosa la mtunza bohari peke yake, lilikuwa limeandikwa hivyo, yeye mwenyewe alilisoma chuoni. Alitoka nje akampa Mwinyimvua zile karatasi.

"Tafuta mtu yeyote mwenye cheo cha meneja asaini."

Mwinyimvua alizikunja, akazitia chini ya kofia yake, akateremka Jangwani.

Alirudi saa kumi. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye kofia, na wino wa kaboni ulikuwa umemshukia usoni, bluu. Nyuma yake kulikuwa na watoto watatu wa Mzee Abbasi, na mwanamke mwenye kichanga mgongoni, wote wamepanga foleni. Hakuulizia tena saini.

Clotilda alifungua kufuli. "Sogeeni," aliwaambia waliokuwa ndani, "kuna watu."

Wakasogea. Siti alipapasa ubao kando yake, mumewe akaketi. Watoto walijibana kwa baba yao, lakini mwanamke mwenye kichanga alikosa mahali, akasimama ameegemea kibanda cha nahodha.

Clotilda alifunga lango, akarudi mezani. Aliandika hati ya kuagiza mbao mbili za benchi. Mbao hazikuhitaji saini ya meneja, na masika yalikuwa ndiyo kwanza yana siku nne.