Mungu wa Kike Hagombezwi

Kifuniko cha sufuria kiligonga jikoni, taratibu, kama kinachoomba radhi. Nje bado giza. Nilipapasa kitanda upande wa binti yangu, nikakuta joto lake tu, mwenyewe hayupo.

Nilimkuta Chiriku amesimama juu ya kigoda, kidole kimezama kwenye halua.

"Toa kidole," nikamnong'oneza.

"Kinapenda humu."

Taa ikawaka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ametoka kuoga, maji yanamchuruzika kwenye nywele. Halua ile ya semolina na samli aliipika yeye, bila hata kulamba mwiko, maana chakula cha Mama Durga hakionjwi na mtu kabla ya mwenyewe kukaribishwa.

"Nani amekula kabla ya mungu?"

Siku hiyo ilikuwa kilele cha sikukuu ya Durga, mungu wa kike apandaye simba. Baada ya siku zote za sala na kufunga, huwa tunaita wasichana wadogo tisa nyumbani. Wakishavuka kizingiti si watoto tena. Ni Durga mwenyewe amekuja kwa miguu midogo. Tunawaosha miguu, tunawalisha, tunawainamia. Na mmoja wa hao tisa alikuwa Chiriku.

"Mama," nikasema, "si leo yeye ndiye mungu? Basi amewahi tu."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Bibie, ndiyo mnayofundishwa huko jioni?"

Hapo aligusa kidonda. Masomo yangu ya jioni yalikuwa yanafunguliwa kesho yake, na mtihani wa cheti ulikuwa unakaribia. Mume wangu huchoma mikate zamu ya usiku, na Chiriku halali bila mimi. Muhula uliopita aling'ang'ania sketi yangu kila nilipotoka, akilia hadi nikakata tamaa na kubaki. Nilimwomba mama mkwe awe anamlaza. Alijibu, "Tutaona baada ya sikukuu." Nyumbani kwetu, "tutaona" ni jina la heshima la "hapana".

Halua ikapikwa upya, tena na mimi, huku nimesimamiwa kama mfungwa. Kisha nikatoka kukusanya miungu.

Kosa langu ni kwamba nilitoka jua limeshapanda. Mtaani kwetu familia za Kihindu ni kadhaa, wasichana ni wale wale, na kila nyumba inataka tisa. Nilipowapata kwa jirani yetu, mama wa mapacha, walikuwa wameshalishwa nyumba nne.

"Wachukue tu, shoga," akaniambia, anacheka hadi anajishika mbavu. "Lakini uwabebe. Kutembea hawawezi."

Wakaja wakijikokota. Mmoja alikuwa amefungua kifungo cha sketi. Mwingine alijilaza mkekani, akauliza kama mungu anaruhusiwa kubeua.

Nikaanza kuwaosha miguu kwenye sinia. Zamu ya Chiriku ilipofika, akapiga maji teke, yakanirukia usoni.

"Chiriku! Kaa vizuri, nitaku..."

"Koma!" Mama mkwe akanishika mkono. "Mungu wa kike hagombezwi."

Laiti angeninong'oneza. Maana wote tisa walisikia, wakatazamana, na ulafi wa madaraka ukawaingia pale pale.

"Mimi sitaki dengu."

"Mimi nataka kukaa juu ya meza."

"Bibi, nguruma kama simba," akasema Chiriku.

Nikadhani ataitwa mtovu wa adabu. Mama mkwe, mwanamke ambaye hata muuza maziwa hubisha hodi kwake kwa woga, akavuta pumzi, akanguruma. Miungu wakapiga makofi. Akanguruma tena, safari hii bila kuombwa, akawazungukia kwa magoti na sahani mkononi. "Tonge moja tu, Mama. Dogo hili, kama kucha. Haya, simba wako anakubembeleza." Wakala kwa kucheka, hata yule wa kifungo.

Mwishowe ukafika wakati wa kuomba baraka. Desturi ya mama mkwe ni kumfunga kila mmoja uzi mwekundu mkononi, kumgusa miguu, na kumwuliza anataka nini katika nyumba hii. Mmoja alitaka puto. Mwingine alitaka choo, na haraka.

Chiriku akabaki wa mwisho. Mama mkwe akanigeukia.

"Lile jambo lako la jioni. Mimi na wewe tumebishana vya kutosha. Aamue huyu. Akisema ubaki, unabaki, na vitabu tusivisikie tena. Sawa?"

Nilimjua mwanangu. Niliijua ile mikono kwenye sketi yangu. Lakini ningemkataaje mungu niliyetoka kumwosha miguu?

"Sawa, Mama."

Akapiga magoti, akainamisha kichwa hadi kikawa usawa wa kifua cha mjukuu wake. "Mama Durga, sema. Unataka nini?"

Nikafumba midomo, nisije nikamtolea hata ishara. Chiriku alinitazama, akamtazama bibi yake. Hakuwahi kumwona kutoka juu. Akaweka viganja vyake viwili kwenye zile mvi, akazipapasa kama manyoya ya mnyama aliyefugika.

"Bibi," akasema kwa sauti, "kesho unilaze wewe."