Mboga ya Kumlisha Mama Mkwe

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Mama mkwe, Bi Kahonzi, mkulima wa Vitengeni, alikuja kumwona mjukuu akasema watu wa Malindi mboga wanaijua ikiwa chunguni tu. Nikamwapia kwamba akirudi baada ya miezi mitatu atakula mboga ya uani kwangu. Mke wangu, Nasiba, alijifunika uso kwa leso.

Nikapanda sukuma wiki. Nikaimwagilia maji ya kisima chetu, ambayo kwa chumvi yake hata sabuni haitoi povu. Ikakauka. Nikapanda nyanya, nikazitia mavi ya mbuzi yakiwa mabichi, zikaungua. Nikapanda mchicha, nikafukia vichwa vya samaki viwe mbolea. Paka wa mtaa mzima wakaja kuvifukua, mchicha ukaishia miguuni mwao.

Kilichostawi ni gugu moja lenye maua ya manjano. Nililichukia kuliko paka. Kila asubuhi nalikatakata kwa jembe mpaka mizizi, na kila wiki larudi maradufu.

Siku ikafika. Nilimwamkia Bi Kahonzi macho chini. Nasiba akaenda kutia chai. Nilipogeuka, mkwe alikuwa uani ameinama, leso imejaa magugu.

"Mama, hayo ni magugu."

Akanitazama kwa huruma. "Huu ni mtsunga, baba. Nyinyi mwauita mchunga. Hujaula?"

Nimeula tangu utotoni, kwa tui la nazi na sima, na nikaomba nyongeza. Sikuwahi kuuona ukiwa na mizizi.

Ningeweza kunyamaza nikasifiwa, lakini nilichoka. "Sikuupanda, mama. Kila siku naukatakata ili ufe."

"Basi ndiko kuupanda huko. Kila kipande cha mzizi ulichokata kimetoa mche wake."

Akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Mchana alikula sahani mbili, nami nikala nikimwibia jicho, furaha tele moyoni.

Alipoaga, alinishika mkono.

"Kwangu kuna kipande cha shamba mtsunga umekataa kabisa kuota," akasema. "Wiki ijayo njoo ukauchukie kidogo."