Subiri Nikae

Dereva walimwita Upepo, na jina lenyewe alilivaa kama nishani. Miaka kumi na mmoja kwenye basi la njia ya hospitali, hakuwahi kuchelewa kituo hata kimoja.

Kwa hiyo meneja alipomwita ofisini na kumsogezea karatasi, alidhani anapongezwa. Kumbe ni fomu ya maoni ya abiria, ile yenye visanduku vya kutia alama: usafi, usalama, muda, lugha ya wahudumu. Aliyeijaza hakutia alama hata moja. Aliandika tu pale chini, kwa herufi kubwa za mviringo: "Basi ni safi na linawahi. Lakini dereva anaondoa gari kabla sijakaa. Juzi nimeishia mapajani mwa baba mmoja nisiyemjua."

Meneja alijikaza asicheke, ikashindikana. Upepo akatoka amenuna.

Jumapili, mama mkwe alikuja kuwaona. Walipokuwa mezani, mkewe akamuuliza habari za kazi, na Upepo akafunguka kama bomba lililopasuka.

"Kuna kizee kimenishtaki kwa meneja! Eti nisubiri kikae! Kishike chuma basi, kama hakina kazi ya kufanya."

Mama mkwe alifuta vidole taratibu.

"Kizee chenyewe ni mimi, baba."

Mkewe aliinuka mbio kwenda jikoni, eti kuleta chumvi, na kutoka huko kikasikika kicheko kilichozibwa kwa kanga. Upepo alitamani ardhi ipasuke. Alijua mama ana kliniki ya goti kila Jumanne, ila hakujua anakwenda na basi lake. Kumbe alikuwa akipandia mlango wa nyuma na kushukia huko huko.

"Nisamehe, mama. Lakini kwa nini hukuniambia tu?"

"Ningekwambia, ungenisubiri mimi. Na jirani yangu mwenye mkongojo, yeye angesubiriwa na mkwe wa nani?"

Upepo aliinamia chakula mpaka sahani ikawa nyeupe.

Jumanne aliingia kazini na nia mpya. Kila kituo alikodolea kioo macho, haondoki mpaka mtu wa mwisho amekaa. Alikaa mmoja, mwingine akahama dirishani, wa tatu akatafuta pa kuweka kikapu. Kufika kituo cha tano, amechelewa dakika saba. Jasho likamtoka. Muuguzi mmoja, abiria wake wa kila siku, akaja mpaka usukanini.

"Kaka, leo umekunywa dawa ya usingizi? Wodi inanisubiri!"

Upepo alivuta breki ya mkono, akageuka. Katika miaka yote ile hakuwahi kuzungumza na abiria wote kwa pamoja.

"Jamani, huyu dada anataka kuwahi, na wazee wetu wanataka kukaa kwanza. Wote wana haki. Nifanyeje?"

Basi zima likasema kwa wakati mmoja, utadhani sokoni. Muuguzi ndiye aliyewanyamazisha.

"Wenye miguu mizito wakae viti vya mbele. Sisi wazima tunyooke nyuma, tusigande mlangoni. Mbona rahisi?"

Mama mkwe, aliyekuwa kiti cha mwisho kabisa, akainua mkono. "Naunga mkono. Na huyo dereva mnayemsema ni mkwe wangu, msimchoshe."

Basi likalipuka kwa vicheko. Watu wakaanza kuhamishana, vijana wakibeba vikapu vya wazee, na mama akasindikizwa mbele kama bibi harusi. Wiki ilipokwisha, zile dakika saba zilikuwa zimebaki mbili, na meneja akakubali kuziongeza kwenye ratiba.

Kosa la Upepo lilikuwa kuuliza. Abiria walipojua kwamba anasikia, hawakumpa nafasi ya kupumua. Mmoja alitaka dirisha la safu ya nne lifunguke. Mwingine alitaka redio ipunguzwe, jirani yake alitaka iongezwe. Mama mkwe alitaka ngazi ya mlango ishushwe kidogo, "kwa faida ya umma," alisema.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Upepo akajikuta tena ofisini, safari hii kajileta mwenyewe, karatasi mkononi.

"Meneja, tukae," alisema, akavuta kiti. "Tuanze na dirisha."