Nyumba ya Tatu Kutoka Kona

Msusi hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiwa kazini, vidole vimezama kwenye nywele za mteja, macho yake yalikuwa dirishani. Tangu yeye na mumewe, fundi wa majokofu, waweke saini ya kununua nyumba kwa kampuni moja kubwa ya ujenzi, hali ikazidi. Kampuni ilikuwa inainua mtaa mzima kwa mpigo, nyumba zinafanana kama sare za shule, na afisa mauzo alikuwa amewaambia kwamba yao ni ya tatu kutoka kona. Basi kila alipofunga saluni, miguu ilimpeleka huko kabla hajaiamuru.

Aliiona ikiwa msingi. Aliiona ikipanda kuta, ikiezekwa, ikipigwa plasta. Mafundi wakamzoea, wakampachika jina la Mkaguzi. Mumewe hakujisumbua kwenda. Alisema macho ya mke yanatosha kwa wote wawili. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, alimcheka waziwazi.

"Nyumba si maziwa jikoni, mkamwana," alimwambia. "Ukigeuka haitamwagika."

Lakini siku kibaraza kilipomwagwa zege, bibi huyohuyo aliomba apelekwe. Aliinama kwa taabu, magoti yakilalamika, akakandamiza kiganja kwenye saruji mbichi karibu na mlango. Alisema maisha yake yote ameishi kwenye nyumba za watu. Hii angalau imjue. Msusi alifuta machozi akasingizia vumbi.

Siku ya kukabidhiwa funguo walikwenda wote watatu, wamevaa kama wanaokwenda harusini. Afisa mauzo akatangulia. Akaipita nyumba ya tatu, akasimama kwenye ya nne na kuanza kufungua mlango. Msusi alimwambia kwa upole kwamba amepitiliza. Yule kijana akacheka, akaeleza kwamba ile ya kona ni nyumba ya mfano, ya kuonyeshea wateja. Haiuzwi, kwa hiyo haihesabiwi.

Mumewe alimtazama. Kisha akamfuata kijana ndani.

Yao ilikuwa ileile, ila imegeuzwa kama sura kwenye kioo. Jiko lililokuwa kulia lilikuwa kushoto. Chumba alichompangia mama mkwe, kile cha jua la asubuhi, sasa kilitazama ukuta wa jirani. Msusi alizunguka vyumba mara mbili, akatoka bila kuaga.

Kwenye nyumba ya tatu, mwanamume wa makamo alikuwa anashusha masanduku. Alikuwa mfamasia, amefiwa na mke, amekuja na binti yake wa miaka kumi na minne. Msusi alimweleza yote kwa pumzi moja, akamwonyesha kile kiganja, kisha akamwomba wabadilishane. Karatasi za benki zingeanza upya, alijua, lakini nyumba si ni zilezile?

Mfamasia alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada, ningekuwa peke yangu ningekuachia," alisema. "Lakini mlango wa pembeni wa nyumba hii hauna ngazi. Wa kwenu unazo nne, ardhi imeshuka. Mwanangu anaingilia hapa."

Msusi akageuka. Binti alikuwa tayari mlangoni na magongo yake, anaingia mwenyewe bila kushikwa.

Mfamasia akaahidi kumleta fundi akikate kile kipande cha zege na kuwapelekea. Mama mkwe, aliyekuwa amefika taratibu akimwegemea mwanawe, akakataa.

"Kiacheni hapo," alisema. "Mkono wangu uwapokee wageni wenu."

Wakacheka wote, isipokuwa mkamwana wake.

Walihamia. Mama mkwe alizoea ndani ya wiki. Msusi alipapasa swichi za taa upande usio na swichi. Alihamisha makochi, akayarudisha, akayahamisha tena, hadi mumewe akauliza kama wanaishi au wanafanya mazoezi. Jioni moja, akili iko kwingine, alifungua geti, akaingia jikoni, akatua mkoba mezani. Binti wa mfamasia aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari.

"Shangazi, leo umekuja kwetu?"

Aliona aibu, lakini alikaa, akanywa maji aliyokaribishwa. Meza yao ilikuwa imeziba dirisha. Mikono ilimwasha kuisogeza.

Baada ya hapo akaacha kuwahi nyumbani. Alizunguka nyuma ya mtaa, kampuni ilikokuwa inachimba misingi mipya. Hapo akawakuta kijana na mchumba wake wamesimama ndani ya mtaro, wanaonyeshana wapi kitanda kitakaa. Msusi aliwauliza wamejuaje kwamba hapo ni pao. Wakasema wamehesabu.

"Tokeni humo," aliwaambia. "Twendeni ofisini."

Walimfuata kwa sababu hakuwapa nafasi ya kukataa. Afisa mauzo alikunjua ramani, akaweka kidole. Kiwanja kilikuwa chao kweli, palepale waliposimama. Wachumba wakamshukuru kwa ile adabu anayopewa mtu asiye sawa kichwani, wakarudi kwenye mtaro wao.

Mumewe alipouliza alikuwa wapi, alijibu kwamba alikuwa anazurura tu. Kisha akamwomba amsaidie kusukuma kabati.

"Liende wapi?" mumewe aliuliza.

"Sijui bado. Wewe sukuma."

Naye akasukuma.