Nyuso Kumi na Moja Ukutani

Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Mama Brashi alikuwa akijaribu kuunyoosha juu ya ngazi alipohisi ngazi imetulia ghafla, kana kwamba imepigiliwa misumari ardhini. Akachungulia chini. Mwanamume wa shati jeupe, viatu vinang'aa, alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Endelea tu na kazi. Nimeishika, huanguki."

Hakuendelea. Ilikuwa saa tatu asubuhi, soko limejaa, lakini akina mama wa nyanya walioshinda wakimtania mwezi mzima leo walikuwa wameinamia mafungu yao kama watu wanaotafuta sindano iliyopotea.

Ukuta ule ulikuwa mrefu kama malori mawili yaliyofuatana. Kamati ya soko ndiyo iliyomwita. "Chora maisha yetu," walimwambia, "watoto wetu waone tunavyoishi." Mama Brashi alirithi kazi kwa baba yake, na kwa miaka ishirini alikuwa akiandika vibao vya vinyozi na kuchora kuku wanaocheka kwenye milango ya maduka. Hakuna aliyewahi kumwomba achore watu. Kwa hiyo alipowapata, aliwachora kama walivyo. Alimchora muuza mkaa na masizi yake puani. Alimchora kinyozi ambaye hunyoa kidogo na kusema sana. Alimchora Fundi, mwanamke mwenzake na rafiki yake wa cherehani, ambaye kibanda chake kilitazamana na ukuta na ambaye kila siku hakukosa lalamiko.

"Dada, hilo tumbo ni langu au la jirani? Hebu lipunguze!"

"Nikilipunguza, nani atakujua?"

Soko zima likaangua kicheko.

Alipofika katikati ya ukuta, kwenye bomba la maji, brashi ilimgomea. Asingeweza kulichora bomba lile bila mchukuzi wa magunia aliyefia pale. Pale ndipo askari wa soko alipomkimbiza kwa sababu hakuwa na kibali cha kubeba mizigo, na pale ndipo rungu lilipomshukia kisogoni. Taarifa ilisema mchukuzi aliteleza kwenye ngazi zenye maji, gunia likamwangukia, na hakuna aliyeshuhudia. Lakini watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama. Mama Brashi aliwajua wote, Fundi na kinyozi miongoni mwao, akawapanga mmoja mmoja kama walivyosimama siku ile, nyuso zimeelekea kwa maiti na kwa askari aliyeinua rungu.

Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza. Wale kumi na mmoja walikuja, wakatazama. Kisha kila mmoja akajitafuta. "Mimi ni huyu," alisema muuza mkaa, akabandika kidole ukutani kama mtu anayetia sahihi. Wahenga husema kuta zina masikio. Huu ulikuwa na macho.

"Huyu aliyelala chini," aliuliza mwanamume wa shati jeupe, "amelewa?"

Mama Brashi aliikung'uta brashi kwenye kopo. "Amechoka, afande."

"Nani amekwambia mimi ni afande?"

Ngazi ilitikisika kidogo, kidogo tu, kisha ikatulia tena.

"Na hawa wanaomtazama? Ni watu wa kweli?"

"Nimewabuni tu."

Yule mtu akageuza shingo taratibu. Cherehani ya Fundi ilikuwa imenyamaza. Akamtazama Fundi, akatazama ukuta, akamtazama tena Fundi, hasa tumboni.

"Una kipaji cha kubuni, mama," alisema.

Akatoa simu, akapiga picha kutoka kushoto kwenda kulia, uso kwa uso, bila haraka. Alipomaliza akaifuta simu kwenye suruali. "Kesho saa mbili uje ofisini kwetu tuzungumze. Njoo na kitambulisho. Brashi ziache."

Usiku ule Mama Brashi hakupata hata lepe la usingizi. Asubuhi aliwahi ofisini, akawekwa kwenye benchi hadi matako yakafa ganzi. Watu walipita na mafaili, wakamtazama, wakapita. Alipoitwa ndani ilikuwa karibu saa sita. Juu ya meza kulikuwa na mchoro wake, umechapishwa kwenye karatasi kubwa. Kila uso ulikuwa umezungushiwa wino mwekundu, na kila duara lilikuwa na namba.

"Kaa, mama. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa," alidanganya.

"Vizuri. Namba moja ni nani?"

"Simjui."

"Namba nne? Huyu mwenye kitambi?"

"Sijui, mwanangu. Ni rangi tu hiyo."

Hakufoka. Mama Brashi angependa afoke. Mtu anayefoka unamjua, unajua kofi litatoka wapi. Huyu alifungua droo, akatoa faili jembamba, akalisoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Binti yako anafundisha darasa la pili. Bado hajathibitishwa kazini, sivyo? Ana mwandiko mzuri. Kaurithi kwako."

Kitu cha moto kikamponyoka Mama Brashi mapajani. Akabana miguu, akaomba Mungu kiti kisilowe. Akilini akamwona binti yake na chaki mkononi, sketi ile moja anayoifua kila jioni. Akafungua mdomo, na hakujua ni nini kingetoka humo.

"Majina yao siyajui," alisema.

Mwanamume akafunga faili. Akatabasamu. "Basi, nenda salama. Na binti yako nitamwombea barua yake itoke mapema."

Alitoka mbio mbio. Njiani alicheka peke yake kama mwehu. Hakuwataja! Aliwekwa kwenye kinywa cha simba akatoka mzima, na hakumtaja hata mmoja.

Sokoni, kibanda cha Fundi kilikuwa wazi na hakikuwa na mtu. Kitambaa cha buluu kilikuwa bado chini ya sindano, mshono umeishia katikati. Meza ya muuza mkaa ilikuwa imepinduliwa. Kinyozi alikuwa akifagia nywele ambazo hazikuwepo.

"Fundi yuko wapi?"

"Wamekuja saa nne. Wamechukua watu saba." Hakuinua macho. "Wewe saa nne ulikuwa huko."

"Sikusema kitu! Wana picha, wamewafananisha tu kwa…"

"Sijauliza."

"Naapa, kaka, sikutaja hata…"

"Sijauliza, mama." Siku zote alimwita dada.

Hapo hapo simu ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa simu ya bei rahisi, spika yake mbovu, ukipokea mtaa mzima unasikia. Alitaka kuikata, lakini kwa haraka akabonyeza pasipotakiwa.

"Mama! Mama, barua imetoka! Nimethibitishwa! Wenzangu wote bado, mimi peke yangu! Mwalimu mkuu mwenyewe haamini! Mama, unanisikia?"

Muuza nyanya aliyekuwa karibu aliacha kupanga fungu lake.

"Hongera, mwanangu," alisema Mama Brashi.

Watu wa soko walihamisha viti vyao, mmoja baada ya mwingine, wakampa mgongo. Jioni alikwenda kwa mume wa Fundi akabisha hodi. Alisikia ndani mtoto akinyamazishwa, taa ikazimwa. Hakubisha tena.

Amri ililetwa alfajiri na mtu wa pikipiki: ukuta wote upakwe rangi nyeupe, kabla ya saa sita, na aliyechora ndiye apake. Mama Brashi alibeba ndoo yake na kwenda.

Alipofika alidhani macho yanamdanganya. Kuna waliomtangulia. Nyuso zote kumi na moja zilikuwa zimekwanguliwa. Nyingine kwa kisu, nyingine kwa jiwe, moja kwa kitu chembamba kilichoufuata uso pembeni kwa uangalifu hadi lipu ikabaki tupu. Miili ilisimama palepale, mikono na nguo na kitambi cha Fundi, bila vichwa. Nani aliyemkwangulia Fundi? Akageuka. Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja kimya, na chini ya kucha zake kulikuwa na rangi ya kahawia, ile aliyoichanganya Mama Brashi mwenyewe kwa ajili ya ngozi.

Katikati ya ukuta walibaki wawili tu wenye nyuso: aliyeinua rungu na aliyelala chini.

"Naona umesaidiwa," ilisema sauti nyuma yake. Shati lilikuwa jeupe vilevile. "Anza na huyu aliyelala."

Alichovya brashi. Nyuma yake soko lilikuwa likinadi nyanya na vitunguu na ndala kwa sauti kubwa kuliko siku nyingine yoyote, kila mtu akipaza kumshinda mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama.