Valvu Iliyofungwa Mdomo

Wiki nzima binti mmoja, mhandisi mpya kiwandani, alikuwa akijiuliza swali moja: maji ya kupoza yakikatika huku moto unawaka, tangi kubwa litapumulia wapi? Hesabu zake zilimjibu: kwenye valvu ya usalama, inayofunguka presha ikizidi, na inatosha. Ilibaki kuiona kwa macho kabla moto haujawashwa asubuhi hiyo.

Alipanda juu ya tangi pamoja na fundi mkuu, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na kimo cha mfagio. Alipoitazama valvu, alishtuka. Bolti ilikuwa imekazwa juu yake, ikiibana isifunguke hata presha ipande vipi.

"Mjomba, nani kafanya hivi?"

Mjomba akakuna kidevu. "Mimi. Ilikuwa inapiga miluzi kuliko refa. Meneja akalalamika kelele, nikainyamazisha."

"Inapiga miluzi kwa sababu tangi linalemewa!"

"We mtoto, maji hapa hayajawahi kukatika."

"Na yakikatika leo? Si watu wako pale chini?"

Mjomba akamshika bega. "Haya, umenishinda. Kuigusa sasa ni mpaka meneja aruhusu. Twende kikaoni, nitasema mwenyewe. Usinichongee tu."

Binti akashuka moyo umetulia. Mjomba ni mjomba.

Kikaoni, binti alieleza kwamba valvu imebanwa kwa bolti, na meneja akauliza nani kaibana. Binti akamgeukia mjomba wake, akangoja. Mjomba akainamia kofia yake ngumu mapajani.

"Mimi sijui, bosi. Aliyekuwa akizungukazunguka matangini wiki nzima ni huyu. Vijana wa siku hizi, vitabu tele, mikono mizito."

Wawili watatu wakacheka. Binti alihisi kama kiti kimevutwa chini yake. Mdomo uliomfundisha kusema kweli ndio huo uliokuwa ukimzika mzimamzima.

"Ni wewe?" meneja aliuliza.

Angebisha, na asubuhi yote ingeishia kwenye nani kasema, nani kakana. Dirishani aliwaona mafundi wamesimama kando ya tangi, wakingoja amri ya kuwasha.

"Andikeni mnavyotaka," akasema. "Ila moto usiwashwe kabla bolti ile haijatoka. Naitoa mimi, sasa hivi, mkiona."

Meneja akaitikia kwa kichwa. Binti akachukua spana. Mjomba akainuka haraka.

"Mwanangu, ngoja nikusaidie."

"Kaa tu, fundi," alimjibu, akatoka.